Majaribio ya Miezi Mitatu na Kalenda ya Korosho

Newala na Masasi zina kalenda mbili. Moja hutundikwa ukutani na huanza Januari. Nyingine huanza salfa inapopulizwa mikoroshoni katikati ya mwaka, hushika kasi Septemba korosho zinapoanza kudondoka, hufika kileleni wakati wa minada ya Oktoba na Novemba, kisha hulegea mwaka mpya unapokaribia. Barua za ajira huandikwa kwa kalenda ya kwanza. Kazi zenyewe, nyingi zake, huenda kwa ya pili.

Mtego uko hapo. Msimu ukianza, vyama vya msingi, ambavyo kila mtu huku huviita AMCOS, huhitaji makarani wa mizani, watunza ghala na walinzi. Wasafirishaji huhitaji wasimamizi wa kupakia. Maduka ya pembejeo, ya simu na ya pikipiki huongeza wauzaji, kwa sababu fedha ya korosho ikishaingia benki hailali. Sasa tuseme kijana wa Kitangari mwenye stashahada ya uhasibu anapewa barua tarehe 15 Septemba: ajira ya kudumu, miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio. Majaribio hayo yanakwisha 15 Desemba, magunia ya mwisho yakiwa njiani kwenda ghala kuu. Akiambiwa siku hiyo kwamba "hukufikia viwango", anarudi nyumbani akiamini kazi imemshinda, na baba yake anaamini hivyohivyo. Kumbe pengine hakuna kilichomshinda. Korosho zimekwisha.

Kwa hiyo anayepewa kazi ya majaribio kwenye uwanda wa Makonde na chini yake anakosea akianza na swali ambalo kila mtu huanza nalo: nitapita? Swali la kwanza ni kama kazi yenyewe itakuwapo atakapopita. La kupita au kutopita linategemea juhudi zake. La kazi kuwapo au kutokuwapo linategemea mavuno, bei, makato na hesabu za mwajiri, na hayo hayasomeki katika barua mpaka mtu aulize.

Wengi hawaulizi, na sababu yao inaeleweka. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walikuwa 135,027, yaani zaidi ya watu 84 kwa kila nafasi. Aliyesimama kwenye foleni ya namna hiyo akarudi Masasi mikono mitupu hawezi kulaumiwa akisaini barua ya kwanza anayoiona. Nyumbani nako huambiwa: kubali kwanza, mwanangu, mengine utayaona hukohuko. Ushauri huo si mbaya, ila umepungukiwa. Kukubali ni sawa. Kukubali bila kuuliza ni kuuza kangomba. Mkulima wa huku anaijua kangomba: mnunuzi anakuja kabla ya mnada, ana noti mkononi, na njaa au ada ya shule ndiyo inayopanga bei. Tofauti ni kwamba wanunuzi wa kangomba serikali imewasaka kwa miaka, ilhali hakuna anayemsaka mwajiri anayemkabidhi kijana barua ya mistari minne isiyotaja mshahara.

Na sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilipitishwa mwaka 2004, Rais akiwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso hapohapo Masasi. Msingi wake ni kwamba aliye kwenye majaribio ni mwajiriwa tangu siku ya kwanza. Kima cha chini cha mshahara hakina bei ya majaribio. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2026 ilipandisha wastani wa kima cha chini katika sekta binafsi kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, na kila sekta ina kiwango chake. Asiyejua kiwango cha sekta yake akiulizie kwa afisa kazi kabla ya kusaini. Mwajiri anayesema "tutakulipa nusu mpaka tukuzoee" anajitungia sheria yake. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki kwa mgeni na kwa mwenyeji. Mchango wa NSSF unahesabiwa kuanzia mshahara wa kwanza. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao hauulizi kama mtu amethibitishwa: gunia likimwangukia mpakiaji wiki ya pili akavunjika mguu, anastahili fidia kama meneja mwenye miaka kumi kazini.

Kuna haki nyingine mbili ambazo husahauliwa sana.

Ya kwanza ni notisi. Watu wengi, waajiri wakiwamo, wanaamini kwamba aliye kwenye majaribio anaweza kuambiwa asubuhi kwamba jioni asirudi. Sivyo. Ndani ya mwezi wa kwanza notisi ni siku 7. Baada ya mwezi huo, anayelipwa kwa siku au kwa wiki ana siku 4, na anayelipwa kwa mwezi ana siku 28. Yule kijana wa Kitangari, kama mshahara wake ni wa mwezi, akiondolewa 15 Desemba papo kwa papo anadai malipo ya siku 28. Malipo hayo hayategemei huruma ya mtu. Notisi humfunga yeye pia: akipata kazi bora Mtwara mwezi wa pili, hawezi kutoweka tu.

Ya pili ni nauli. Aliyeajiriwa mahali pamoja akapelekwa kufanya kazi mahali pengine, mkataba ukikatika mwajiri anatakiwa kumrudisha yeye na mizigo yake alikomwajiri, au kumlipa gharama za kurudi, na kumpa posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri. Kwa mtu aliyechukuliwa Newala kwenda kulinda ghala mbali na kwao, haki hii ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Kinachokosekana nacho kisemwe wazi. Mwajiriwa ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri yuleyule hana kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, na kwa kawaida hana likizo ya malipo. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo, na mwajiri mjanja anapajua. Lakini sheria ina maneno machache ambayo watu wa msimu wayashike vizuri: ajira hiyo ya miezi sita inahesabiwa kwa mwajiri yuleyule, iwe chini ya mkataba mmoja au zaidi. Kwa upande wa likizo imeeleza kwamba aliyeajiriwa zaidi ya mara moja katika mwaka na mwajiri mmoja, jumla ya vipindi vyake ikizidi miezi sita, anastahili likizo. Kwa hiyo mwajiri anayempa mtu miezi mitatu ya majaribio, akamwacha, akamwita tena kwa majaribio mengine, hajakwepa kitu kama anavyodhani. Anayeitwa hivyo atunze barua zake zote mbili.

Mwaka 2007 zilitolewa kanuni za utendaji bora, na humo majaribio yameelezwa kwa kina kuliko wengi wanavyofikiri. Masharti yake yatajwe kabla mtu hajaanza kazi. Muda wake uwe wa kiasi, usizidi miezi 12, kwa kuangalia aina ya kazi na desturi ya sekta. Mwajiri anatakiwa kumtathmini mwajiriwa, kukutana naye mara kwa mara na kumwelekeza. Akiona kasoro, amwambie, ampe nafasi ya kujieleza na muda wa kujirekebisha. Mwajiriwa anaweza kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika mazungumzo hayo. Anayeletewa neno "hukufikia viwango" siku ya mwisho, bila kikao hata kimoja tangu aanze, ana haki ya kuuliza viwango hivyo vilikuwa vipi na aliambiwa lini kwamba hajavifikia.

Wapo wanaojifariji kwamba siku zikitimia mtu amethibitishwa, hata kama hakuna aliyesema neno. Mahakama ya Rufani iliifunga njia hiyo mwaka 2019, katika rufaa iliyohusu benki kubwa nchini. Ilisema kwamba kumalizika kwa muda wa majaribio hakumgeuzi mtu kuwa mwajiriwa aliyethibitishwa. Uthibitisho una masharti yake, na masharti hayo yatimizwe. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima akidhani amevuka, kumbe bado yuko katikati ya mto. Dawa yake ni ya kawaida kabisa: barua itaje tarehe ya tathmini, na ikifika, mwajiriwa aandike barua fupi kuomba majibu. Barua hiyo isiwe ya ugomvi. Mistari mitatu inatosha, na nakala abaki nayo.

Sasa turudi kwenye kalenda ya pili. AMCOS hupata sehemu kubwa ya mapato yake kwa ushuru wa kila kilo inayopita kwenye mizani yake. Korosho zikipita nyingi, chama kinaweza kulipa watu wengi. Zikikauka, fedha ya mishahara inakauka nazo. Huo si ubaya wa kiongozi yeyote. Ni namna chombo chenyewe kilivyojengwa tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. MAMCU kwa Masasi na Mtwara, na TANECU kwa Tandahimba na Newala, ni vyama vikuu vinavyosimamia mauzo, lakini navyo vinakula kwenye sufuria hiyohiyo. Anayeajiriwa humo anatakiwa aulize bila haya: Machi, ghala likiwa tupu, mtu wa nafasi hii huwa anafanya nini? Majibu yatamfungua macho. Mwajiri mwenye kazi ya kweli atasema: anaandaa hesabu za mwaka, anagawa pembejeo, anahuisha daftari la wakulima. Asiye nayo atasema: tutaangalia.

"Tutaangalia" lisichukuliwe kuwa tusi. Ni jibu la mtu mwenye kazi ya msimu, na kazi ya msimu ni kazi halali. Sheria inautambua mkataba wa kazi maalumu, na kazi ya kupima korosho tangu mnada wa kwanza hadi wa mwisho inaweza kuandikwa hivyo bila kumdanganya mtu. Kijana akijua tangu mwanzo kwamba ana miezi mitatu, ataweka akiba, hatakopa pikipiki ya kulipa kwa miezi 18, na Januari hatatembea mjini akijiona ameaibika. Kinacholaumiwa hapa ni kuuita msimu jina la majaribio, kwa sababu jina hilo humfanya kijana ajitume mara mbili akitafuta uthibitisho ambao haukuwamo katika hesabu za mtu yeyote.

Wazee wa kusini wameyaona haya kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga, Nachingwea ikiwa moja ya maeneo yake. Ikajengwa bandari Mtwara, ikatandikwa reli, vijana wakamiminika. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa, na reli yenyewe ilifungwa 1962. Miaka ya 1970 vikaja viwanda vya kubangua korosho kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Masasi na Newala vikiwamo. Viwanda hivyo vilikuwa vinajengwa huku korosho zenyewe zinakimbia: kutoka tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, uzalishaji wa nchi ulishuka hadi chini ya tani 20,000 katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, ubwiri unga ukashambulia maua, na bei haikumpa mtu moyo wa kupalilia. Mashine zilinyamaza, na baadhi ya majengo baadaye yakageuzwa maghala. Humo walikuwamo wafanyakazi waliothibitishwa, wenye vitambulisho na sare. Uthibitisho wao haukuweza kuleta korosho.

Hata karibuni mambo kama hayo yameonekana. Novemba 2018 wanunuzi walikataa kupandisha bei, Rais John Magufuli akaagiza serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizisombe. Katika wiki chache mpangilio wote wa nani anabeba, nani anahesabu na nani analipa ulibadilika. Ukiwa na barua ya majaribio ya kampuni ya usafirishaji mwezi huo, hakuna juhudi za asubuhi wala jioni ambazo zingekuokoa.

Upande wa pili wa mizani ni kile mtu anachokiacha ili aende kazini. Washauri wengi wa ajira huandika kana kwamba asiye na kazi ya ofisini hana chochote. Newala si hivyo. Kijana anayeitwa kazini Juni anaitwa wakati wa kupuliza salfa; anayeitwa Septemba anaitwa wakati wa kuokota. Tuseme ana mikorosho yake, si ya ukoo, inayompa kilo 400. Katika minada ya kwanza ya Oktoba 2024 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo kilo 400 ni shilingi 1,600,000 kabla ya makato, salfa na vibarua. Kazi ya miezi mitatu kwa mshahara wa 360,000 ni 1,080,000, kabla ya chumba, nauli na chakula. Na akipangiwa Newala aongeze maji, kwa kuwa shida ya maji juu ya uwanda ni ya tangu enzi za mkoloni. Hesabu hizi hazisemi abaki shambani. Mwaka mwingine bei huanguka, na mshahara wa kila mwezi una utulivu ambao korosho haijawahi kuwa nao. Zinasema tu kwamba anayeuacha mkorosho anaacha fedha, na fedha hiyo iingie kwenye hesabu. Akiweza kumwachia mdogo wake shamba kwa makubaliano yanayoeleweka, vizuri. Akiweza kumwomba mwajiri aanze Januari, vizuri zaidi, na jibu la mwajiri litamwonyesha kama kazi ile ni ya mwaka au ya msimu.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, asiye na kazi wala shamba kubwa akubali majaribio, hata yenye mashaka, mradi mshahara na tarehe viko kwenye karatasi. Miezi mitatu ya kazi halisi ina thamani, na sheria inamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi anapoondoka, iwe amethibitishwa au la. Cheti hicho kikidaiwa kitasaidia kwenye usaili unaofuata. Ni watu wachache sana wanaokidai.

Aliyethibitishwa kwingine ana hesabu tofauti kabisa. Mwalimu wa shule binafsi mwenye miaka sita kazini, au muuguzi wa hospitali ya misheni, akiitwa na mradi unaolipa mara mbili, anabadilisha kinga aliyoijenga kwa miaka na miezi sita ya kuanza upya. Mtumishi wa umma ndiye mwenye kupoteza zaidi: alikwisha kukaa miezi 12 ya matazamio, akathibitishwa, na akijiuzulu hakuna anayemhakikishia kurudi. Watu hawa wasione aibu kujadiliana. Sheria imeweka kiwango cha chini tu. Mkataba unaweza kutoa zaidi. Mtu aliyefuatwa alipo anaweza kuomba majaribio yafupishwe, au yaondolewe, au notisi ndani ya majaribio iwe miezi miwili. Mradi unaomtaka kweli utakubali mojawapo. Ukikataa yote matatu, basi unamtaka kwa namna ambayo haistahili miaka yake sita.

Wanawake wana swali la ziada ambalo huulizwa kwa tabasamu: una mpango wa kuzaa karibuni? Ile kinga ya miezi sita inahusu kuachishwa isivyo haki. Katazo la ubaguzi ni sehemu nyingine ya sheria, nalo linamlinda hata mwombaji ambaye hajaajiriwa. Ujauzito, jinsia, ulemavu na hali ya kuishi na VVU vimetajwa humo. Kwenye kubangua, ambako wengi ni wanawake na malipo mara nyingi hufuata kilo, kuna mtego mwingine: wiki za mwanzo kuitwa mafunzo yasiyolipwa, huku korosho alizobangua zinauzwa. Hayo si majaribio. Ni kazi ya bure.

Na kazi ya bure imepata jina zuri siku hizi, kujitolea. Katika shule, zahanati na ofisi nyingi wapo vijana wanaojitolea mwaka wa pili au wa tatu, wakiamini wako kwenye majaribio marefu. Majaribio yana mshahara, yana mwisho na yana tathmini. Kujitolea kusiko na mwisho hakuna hata kimoja. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasaidia kidogo hapa: inamdhania kuwa mwajiriwa mtu anayetimiza hata kimoja tu cha vigezo vinavyotajwa humo, na kimojawapo ni kumfanyia mwingine kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi ni kidogo sana. Wengi wanaojitolea huzimaliza katika wiki ya kwanza.

Waajiri nao wasikilizwe. Karani asiyejua kusoma mizani anawaumiza wakulima mia kwa siku moja. Mtunza ghala mwenye mkono mwepesi anaweza kukiangusha chama. Mwenye duka la pembejeo pale Masasi mjini hana idara ya rasilimali watu. Njia yake pekee ya kumjua mtu ni kukaa naye kaunta moja kwa miezi michache. Majaribio ni ya haki kwake, na kuyafuta kungewafanya waajiri wadogo waajiri ndugu zao tu, jambo ambalo tayari linafanyika vya kutosha. Ila haki hiyo ina kazi yake: kuangalia, kusema, kuelekeza. Mwajiri aliyenyamaza miezi mitatu hakumjaribu mtu, amemtumia.

Mambo yakiharibika, njia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya kuachishwa isivyo haki yanapelekwa ndani ya siku 30. Mengine, kama mshahara uliozuiwa au notisi isiyolipwa, siku 60. Anayedai kutoka Masasi au Newala aitazame safari pia. Barabara ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 160, imekuwa ahadi ya muda mrefu kabla ya kuanza kujengwa kwa lami, na kila kikao Mtwara ni nauli ya kwenda na kurudi. Kwa madai ya shilingi laki tatu, mtu anaweza kumaliza nusu njiani. Kwa hiyo ushahidi ukusanywe mapema, usingojee ugomvi: picha ya barua, ujumbe wa simu unaotaja mshahara, muamala wa malipo ya kwanza, daftari la mahudhurio. Hata pasipo mkataba wa maandishi, sheria imeuweka mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi mabegani mwa mwajiri ambaye hakuyaandika. Vyama vya wafanyakazi, TUICO kwa viwanda na biashara na TPAWU kwa mashamba na kilimo, vinaweza kumsindikiza mwanachama, na mtu haambiwi angoje uthibitisho ndipo ajiunge.

Limebaki jambo moja ambalo linazihusu Newala na Masasi kuliko miji mingine. Hapa mwajiri mkubwa wa msimu mara nyingi ni AMCOS, na AMCOS ni mali ya wakulima. Mzazi anayelalamika kwamba mwanawe ameachwa Desemba huenda ndiye aliyenyoosha mkono kupitisha makisio ya mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu, bila kuuliza fungu la mishahara linaishia mwezi gani. Mkutano mkuu ujao, wanachama waombe barua za ajira zisomwe. Nafasi ambayo fedha yake inakwisha na mnada wa mwisho iandikwe ya msimu, ikiwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Ambayo fedha yake ipo hadi msimu mwingine ipewe majaribio, tarehe ya tathmini, na jina la mtu atakayeifanya tathmini hiyo. Bodi ikikataa kuzisoma, wanachama wasiyapitishe makisio.